Mkono Aliouficha Darasani

Darasa letu la ushonaji hapa Nyakabanda ni chumba kimoja: cherehani sita, na meza ya kukatia niliyoisukuma ukutani ili watu wapate kupita. Ualimu sikuusomea. Shangazi alinifundisha kwa kukata nikitazama, nami nafundisha hivyohivyo, wote namna moja.

Mwezi uliopita karakana moja ya Gisozi iliniomba majina ya watu watatu wa kushona sare za shule. Mama mmoja aliitaka sana kazi hiyo. Kushona anajua, kukata ndiko kulimshinda. Sketi inaanza vizuri, katikati mkasi unauacha mstari wa chaki. Mara tatu hivyo. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, mkasi uko hapa, akili iko sokoni!" Wakacheka. Naye akacheka, kidogo.

Jumatano nilitoka kuchukua uzi, nikarudi upesi. Nikamkuta anakata kwa mkono wa kushoto. Aliuhamishia mkasi kulia kama mwizi.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, mwalimu. Nyumbani nilichapwa. Na wewe ulimkemea yule aliyekupa chai kwa kushoto."

Kweli, nilimkemea. Kumbe nikitazama anatumia kulia, nikigeuka anahamisha. Tena ukuta uko kushoto kwake, kiwiko hakina pa kwenda. Angeweza kusema, hilo nalo niliandike. Lakini kwangu mimi, angeanzia wapi?

Jioni nilijaribu mwenyewe. Mikasi yetu ni ya mkono wa kulia. Ukiishika kushoto, makali ya juu yanaufunika mstari wote. Niliharibu foronya.

Alhamisi tuliivuta meza katikati, nikamchorea mstari wa pili pembeni, ule anaoweza kuuona. Mwenye cherehani ya dirishani akanuna: "Sasa sisi tubanwe kwa sababu ya mtu mmoja?" Alikuwa na haki, alibanwa kweli. Nikampa nafasi yangu.

Ijumaa yule mama alikata sketi. Upande mmoja ulipungua nusu kidole. Nilipima mara mbili kwa futi ileile ya wenzake, nikakumbuka kuna mwingine niliyempitisha na kasoro kama hiyo. Nikamwandika wa tatu kwenye karatasi ya kupeleka karakana. Kama nilimpendelea, sijui.

Alisoma karatasi, akairudisha mezani.

"Mwalimu, hapa umeandika natumia kushoto."

"Ili wakupangie mahali pazuri."

"Nitawaambia mwenyewe. Wakiniuliza."

Nilitaka kubishana. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika majina matatu tu.