Mwanafunzi Aliyeambiwa Asifaulu

Pudensiana Lyamba alizaliwa Karema, akasomea ualimu, akapangiwa shule moja ya msingi huko Litapunga. Alipewa hisabati ya darasa la saba kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifundisha. Watoto walikaa wanne kwenye dawati moja.

Mwaka juzi, matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yalipotoka, shule ilishika mkia katika kata. Mratibu elimu kata alikuja, akawafokea walimu, akawasha pikipiki na kuondoka. Pudensiana hakushangaa. Kilichomshangaza ni Monika Machibya, binti aliyekuwa akiwaelekeza wenzake hesabu za sehemu ubaoni. Alikuwa amepata E, hata kwenye hisabati.

Alimwita ofisini.

"Swali hili ulilifanya ubaoni wiki ile kabla ya mtihani. Kwenye mtihani ikawaje?"

Monika alitazama chini. "Jibu nililijua, madam. Nikasiliba herufi ya jibu jingine."

"Kwa nini?"

"Baba kasema nisifaulu."

Jumamosi Pudensiana alipanda bodaboda hadi kwa Machibya, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Alipewa kiti na maziwa. Mzee hakukana.

"Mwalimu, dada yake, Ngolo, alifaulu," alisema. "Sekondari aliyopangiwa iko Mpanda mjini, bweni hakuna. Nikampangia chumba. Akarudi na mimba, na mwenye mimba hatumjui mpaka leo. Sasa nyie mnamtaka na huyu?"

Pudensiana alikuwa amejiandaa kueleza faida za elimu. Hakueleza. Ngolo alikuwa pale pale uani, anamwogesha mtoto.

"Mimi nina dada, Generosa, anaishi Mpanda na wanawe," alisema. "Monika anaweza kukaa kwake."

"Nitafikiria," Machibya alijibu, na hapo mazungumzo yakaisha.

Mwezi wa tisa, siku moja kabla ya mtihani wa taifa, Monika alimfuata mwalimu wake nyuma ya darasa.

"Madam, nifanyeje?"

"Siwezi kukuambia umkaidi baba yako, Monika."

Pudensiana alijisikia vibaya kusema hivyo. Lakini viboko vingekuwa vya mtoto, si vyake.

Monika alipata B. Machibya alikuja shuleni na fimbo yake ya kuchungia, akamwambia mwalimu mkuu kwamba wamemharibia mtoto, akaondoka bila kuaga. Pudensiana alidhani suala la sekondari limeishia hapo.

Januari, Generosa alimpigia simu. Machibya alikuwa mlangoni kwake na binti, godoro na gunia la mahindi. Alikagua chumba, akajaribu komeo mara mbili, akauliza nani mwingine analala humo. Tangu siku hiyo huja bila taarifa. Hukaa sebuleni, huangalia binti akifua sare, kisha huondoka.

Shule ya Litapunga ilipanda kidogo mwaka ule, na mratibu akasema ni matunda ya masomo ya ziada ya asubuhi. Pudensiana bado anafundisha hapo hapo.

Monika yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alipiga kwa simu ya Generosa.

"Madam, baiolojia inanishinda. Wanafundisha kwa Kiingereza, sielewi."

Pudensiana mwenyewe Kiingereza hakuwahi kukimudu vizuri. Alimwambia amfuate mwalimu wa somo baada ya vipindi, asione haya kuuliza, na akamuuliza kama baba yake hajambo.