Ng'ombe Chini ya Paa

Sista aliyetufundisha uuguzi pale misheni, nje ya Iringa, alikuwa Mzungu, lakini alikuwa ameishi Uchina miaka mingi mpaka wamisionari walipofukuzwa huko. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila alasiri, tukishakunja bendeji, aliniita mimi peke yangu, akachukua chaki na kibao, akanifundisha maandishi ya Kichina. Kwa nini mimi? Sijui hadi leo. Labda kwa sababu sikujua kukataa.

Kila neno alilivunja vipande ili nilikumbuke. Mti ukichorwa mara mbili, msitu. Haya, hilo nilielewa. Mtu kando ya mti, kupumzika. Nikamwambia kwetu huyo anaitwa mvivu. Mwanamke na mtoto wakiwa pamoja, eti maana yake "nzuri". "Hata mtoto akilia usiku kucha, Sista?" Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa natania jamani, nilikuwa nimechanganyikiwa kwelikweli.

Basi siku moja dereva wa lori kutoka Uyole akaniletea habari kwamba mama yangu, kule milimani Rungwe, hainuki tena kitandani. Nikaomba ruhusa. Sista, ambaye ruhusa zote zilikuwa mkononi mwake, akasema nisubiri mtihani upite. Nikaendelea na bendeji zake, roho inaniuma.

Alasiri hiyohiyo akaniambia niandike "nyumbani". Alikwisha kunionyesha: paa, na chini yake nguruwe. Nguruwe! Nani analala na nguruwe? Kwetu sisi Wanyakyusa ng'ombe ndio waliolala ndani, wao upande wao, sisi upande wetu, na usiku wa baridi joto lao lilitufaa. Nikadhani nimekumbuka vibaya. Ng'ombe nilijua kumwandika, nikamweka chini ya paa.

Sista akakitazama kibao, uso ukamshuka.

"Nani kakufundisha hili?"

"Hakuna, Sista. Ni nyumbani."

"Ng'ombe chini ya paa, kwa Kichina ni jela! Hapa kwangu ni jela, ndivyo unavyosema?"

Loo! Nikababaika. Ng'ombe ndani ya nyumba, jela? Jela ya nani? Nikaanza kumweleza jinsi tunavyolala kwetu, Kiswahili kikanikimbia, nikaingiza Kinyakyusa. Naye akajibu sijui Kiingereza, sijui Kichina. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mwisho nikaangua kilio: "Namtaka mama yangu!"

Hilo alilielewa. Akafuta kibao kwa kiganja.

"Kapande basi kesho," akasema.

Mama nilimkuta yu hai. Akanishika mkono, akaniuliza hao Wazungu wananifundisha kitu gani huko hata nikachelewa hivi. Nilikuwa bado natafuta la kumjibu alipofumba macho, na hakuyafumbua tena.