Pua Yangu mu Kikombe cha Baba Mudogo

Kazi yangu ni kuonja kahawa pa depo moja ya Butembo, na ile pua ilikuwa imenipandisha kichwa. Nasema hivyo mbele, kusudi mutu asinihurumie.

Kulikuja mununuzi mumoja wa kahawa, mutu wa Irlande, na chupa ya wiski ya kwao. Wenzangu walitaka kuimeza kama dawa ya minyoo. Akawazuia. Muweke kidogo tu mu glasi, akasema, muizungushe, muingize pua, mufungue kinywa kidogo, munuse mara mbili, ndipo muonje. Nikanusa. Kwanza asali, kisha tunda la pome, halafu, haki ya Mungu, vanille, ileile tunayoanika juu ya mikeka huku kwetu! Kwa koo ilipita laini, haikukwaruza hata kidogo. "Wewe uko na pua," akaniambia, akaniachia chupa ya pili, nzima. Aka! Toka siku hiyo nikawa nanusa chai, supu, hata maji ya kunywa. Muke wangu alinicheka mpaka akachoka.

Siku ya misa ya kumukumbuka baba, nikashuka Beni na ile chupa, zawadi ya baba mudogo. Yeye ndiye alinilea. Mbuzi zake zilikwisha kwa minerval yangu, feza ya masomo. Lakini kwa sababu baba alikufa ghafula, baada ya kunywa pombe kwa baba mudogo, kuna ndugu walionong'ona kama alimutilia sumu. Mimi sikuwaamini hata siku moja. Siku hiyo wote walikubali kuja kukaa mu salon yake, chumba cha wageni, mara ya kwanza toka kilio cha baba. Alikuwa amepika kasikisi, pombe ya ndizi, kwa mikono yake mwenyewe. Alijua: wakikunywa, maneno yatakwisha.

Akamiminia kila mutu, kisha akajaza kikombe kimoja, akaonja yeye kwanza mbele ya wote, vile desturi inataka. Akanipa mimi, mutoto wa marehemu, nianze.

Na mimi, mupumbafu, nikazungusha kikombe. Nikaingiza pua, nikafungua kinywa kidogo. Nikanusa mara mbili.

Kwetu, mwenye kunusa pombe ya mutu anatafuta sumu. Nilikumbuka hiyo wakati nilikuwa nimekwisha kunusa. Shangazi mumoja akaweka kikombe chake chini, mwingine vilevile.

"Aka, hata mutoto mwenyewe anaogopa!" akasema yule shangazi wa kwanza.

Nikakunywa yote mbio mbio, nikaanza kueleza habari ya wiski, ya asali, ya vanille. Nani alinisikia? Maji yakimwangika hayazoleki. Niliona haya, na hata leo, nikiandika hapa, naona haya.

Wakaondoka mumoja mumoja. Tukabaki wawili, na bidon ya kasikisi karibu nzima. Nikatoa chupa yangu, maana sikujua nifanye nini kingine. Nikamimina mu glasi, nikataka kuonja mbele yake. Baba mudogo akanikamata mukono.

"Acha, mutoto yangu. Ya mukono yako, miye hapana kuogopa."

Akakunywa yote mara moja, bila kunusa.