Uzi Uliolegea Siku ya Sabato

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipanga chumba Sundbyberg, kando ya Stockholm kule Uswidi, kwa mzee mmoja Myahudi na mkewe. Nilikichagua kwa sababu ya dini. Mimi ni Msabato wa Upareni, nilikwenda kusomea ufundi wa mitambo, na nilikuwa nimechoka kuwaeleza Waswidi kwa nini Jumamosi sifanyi kazi. Mzee aliposikia hivyo alinishika mkono kama shemeji yake. Nikajisemea, haya, nimefika nyumbani.

Jumamosi ya kwanza nikatoa gitaa. Kwetu Sabato bila kwaya ni msiba. Mzee akasimama mlangoni na suti yake, uso umemshuka. "Leo hatupigi," akasema. Nikamuuliza, na Daudi je, na kinubi chake? Akanieleza kwa upole kwamba wanazuoni wao wa kale waliona mbali: mtu akipiga ala, uzi utalegea, na mkono utakwenda wenyewe kuukaza. Kutengeneza ala ni kazi, na kazi siku hiyo ni mwiko. Basi wakakataza kupiga kabisa.

"Lakini wewe si Myahudi, hukatazwi," akaongeza.

Hapo ndipo nilipokasirika. Yaani Sabato yangu haihesabiki! Nikalisukuma gitaa chini ya kitanda, nikanuna mpaka jioni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, bibi akawa mahututi. Hospitali walimrudisha afie nyumbani, na walisema hivyo hivyo, Waswidi hawazunguki. Mzee alikuwa akimpigia fidla kila siku. Ijumaa jioni akaifunga kwenye kasha lake. Jumamosi mchana bibi akasema anataka muziki, leo, si kesho. Sabato yao inaisha nyota zikitoka, na Juni ya Stockholm nyota hazina haraka hata kidogo.

Mzee akaja kunigongea. Kwa mgonjwa, akasema, sheria inaruhusu kumwomba asiye Myahudi. Safari hii sikununa.

Nikakaa kando ya kitanda cha bibi, nikapiga wimbo wa kwaya ya kwetu. Uzi wa pili ulikuwa umelegea. Mimi nilikuwa nausikia kidogo. Mzee alikuwa anausikia mpaka kwenye magego. Nikaona mkono wake unanyanyuka kuelekea gitaa. Akaurudisha. Ukanyanyuka tena. Mwishowe akaikalia mikono yote miwili, pale kitini, na suti yake. Nikaelewa wale wanazuoni walimwogopa nani.

Nikamhurumia, nikataka kuukaza mwenyewe.

"Usiguse!" bibi akasema.

Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama mumewe na kucheka, machozi yanamtoka. "Endelea, mwanangu, hivyo hivyo." Nikaendelea, beti zote, na kiitikio nikarudia. Mzee anaumia, bibi anacheka mpaka akaanza kukohoa, ikabidi tumwinue kwa mito.

Jumatatu akafariki. Baada ya maziko nilimkuta mzee jikoni, nikampa pole. Akaniambia kwamba Jumapili alimpigia fidla kutwa nzima, na hajawahi kupiga vizuri vile maishani, lakini bibi alikuwa hasikii tena.

"Muziki wa mwisho aliousikia ni wako," akasema. "Na ulikuwa mbaya sana."

Akanikumbatia, tukalia wote wawili.