Ng'ombe wa Mahari na Kipimo cha Mayige

Ukishuka basi pale Dutwa ukauliza duka la dawa za mifugo, utaelekezwa kwa Mayige, na kabla hujafika utakuwa umeshaonywa usijaribu kumfundisha kitu. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nauza vitenge, yeye anauza dawa za kupe na minyoo, na tangu tujuane sijamsikia akisema "sijui." Akiulizwa asilolijua hushusha miwani, anamtazama mwulizaji kama mtoto aliyechelewa shule, kisha anajibu.

Mwaka huu alikwenda semina Mwanza akarudi na cheti na kisanduku. Cheti alikitundika ukutani. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chupa ya majimaji meupe kama maziwa, kipimo cha brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba na unaompata binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa. Alitueleza sote, tuliotaka na tusiotaka. Kumbe ule weupe ni punje za plastiki, ndogo kiasi kwamba jicho haliioni hata moja. Kila punje ina kiini kigumu, juu yake imevikwa tabaka jingine la plastiki, na kwenye tabaka hilo wataalamu wamebandika vipande vya kijidudu chenyewe kilichokwisha kufa. Ng'ombe aliyeambukizwa ana askari ndani ya damu wanaokijua kijidudu hicho. Changanya tone la maji ya damu yake na tone la chupa juu ya kadi nyeusi: askari wanang'ang'ania vile vipande, punje zinavutana, na unaona chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Ng'ombe akiwa mzima, tone linabaki laini.

"Kumbe ni plastiki tu," alisema mkewe, Domitila.

"Plastiki iliyosoma," akajibu Mayige.

Sasa, chupa ile ilitakiwa kukaa kwenye friji bila kugandishwa. Imeandikwa hivyo kwenye kisanduku. Lakini Mayige anaujua umeme wa kwetu. Ukikatika, vya kwenye friji ndivyo vinavyoharibika kwanza, vilivyoganda vinadumu; kila muuza barafu analijua hilo. Maandishi yale, alisema, wameandikiwa watu ambao umeme wao haukatiki. Akaizika chupa chini kabisa ya friza, kati ya sato na pakiti za barafu ya ubuyu, akaridhika.

Wakati huo binti yake, Ng'washi, mwalimu wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na Novatus, kijana wa Mkula. Walipendana. Najua, kwa sababu Ng'washi alikuwa akija dukani kwangu kushika kitenge kilekile, anakikunjua, anacheka peke yake, anakirudisha. Siku ya kuleta ng'ombe ikapangwa.

Huku ng'ombe wa mahari hawapokelewi kimyakimya. Upande wa binti huwakagua: huyu pembe zimekaa vibaya, huyu amekonda, huyu mmemtoa wapi. Wanakataliwa wawili watatu, watu wanabembelezana, wanacheka, mambo yanakwisha kwa pilau. Kila mtu anajua ni mchezo. Mayige hakuwa mtu wa michezo.

Baba yake Novatus, mzee Masalu, namhala, kama tunavyowaita wazee huku, mpole asiyepandisha sauti, aliteremsha ng'ombe wake kwenye Fuso, wanene, wanang'aa. Watu wakashangilia. Mayige akatoka na sindano. Akawatoa damu mmoja mmoja, akasubiri maji ya damu yajitenge, akapanga kadi zake mezani mbele ya wageni. Kadi zote zikafanya chenga.

"Wagonjwa," akatangaza.

"Wangapi?" akauliza Masalu.

"Wote."

"Ng'ombe wangu hawajawahi kutupa mimba, mkwe. Hata mmoja, gete, kweli kabisa."

"Kipimo hakiangalii ukoo wa mtu."

Masalu akazitazama kadi. "Basi bado hatujawa wakwe," akasema, akaamuru ng'ombe wapandishwe. Ng'washi alisimama mlangoni pa jiko akiwa amevaa kitenge changu kile, akamwona Novatus akiondoka nyuma ya lori katikati ya ng'ombe, ameinamisha kichwa. Nilimchukia Mayige siku ile, na sioni haya kusema.

Kesho yake Ng'washi alimletea baba yake glasi ya maji mezani. "Baba, pima na haya."

"Maji hayaugui."

"Ndiyo maana."

Mayige akadondosha, akakoroga. Chenga. Akafuta kadi, akarudia. Chenga.

"Naona hata kisima kimetupa mimba," akasema Domitila.

Ndipo Mayige akaisoma karatasi ya kisanduku, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kuganda kulikuwa kumeziharibu punje, zikashikana zenyewe bila kuitwa na damu ya yeyote.

"Utakwenda Mkula," Ng'washi alimwambia. Hakuwa anaomba.

Tulimsindikiza. Tulipokwisha kusalimiana, mwangaluka huku na huku, Mayige alikohoa akasema, "Barafu ilikosea."

"Chupa ilijipeleka yenyewe kwenye barafu?" akauliza Masalu.

"Hapana," akasema Mayige. "Niliipeleka mimi. Nimekosea." Domitila akanishika mkono. Nadhani hata yeye alikuwa halijui neno hilo kinywani mwa mumewe.

Masalu alikubali, kwa sharti moja: kipimo kipya, watu walewale, mahali palepale, na zizi la Mayige nalo lipimwe.

Akaitwa Justina, bibi mifugo, akaja na kisanduku chake kikiwa na ubaridi wa kiasi. Mayige aliombwa akae kwenye kiti. Justina alianza na maji matupu: laini. Ng'ombe wa Masalu: laini, laini, mpaka wa mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele, Ng'washi akakaa chini kwa furaha. Kisha wakaja ng'ombe wa Mayige. Wa kwanza, yule wa maziwa anayemsifia kila siku, akafanya chenga. Wa pili vilevile.

"Rudia," akasema Mayige. Justina akarudia. Chenga.

Masalu hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. "Mkwe," alisema, na neno hilo lilimfanya Ng'washi aanze kulia, "mahari tumetoa, wote mmeona. Ng'ombe ni wako. Lakini hawawezi kulala kwenye zizi hili."

Kanuni ya kutochanganya wazima na wagonjwa ni Mayige mwenyewe aliyeihubiri Dutwa nzima.

Kwa hiyo baada ya harusi Fuso liliondoka kuelekea Mkula na vyote: bibi harusi mbele pamoja na mumewe, mahari yake nyuma. Wazazi wengine humtoa binti wakabaki na ng'ombe wa kuwatuliza. Mayige alisimama barabarani akimpungia Ng'washi mkono, na aliyegeuka kumtazama alikuwa dume la kahawia, kichwa juu ya ubao wa lori.