Mume wangu alivyoshindwa kuuza four-wheel yake ya kuwindia kanga, Babati enzi za foleni

Wakuu, habari za mapumziko.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, naishi Nakwa hapa Babati. Leo nimepita jukwaa la magari nikakuta kijana anauza four-wheel yake, ameandika kwamba gari halina tatizo hata moja, ila mwenyewe anasafiri. Nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

Sisi nyumbani tulishawahi kuuza gari la namna hiyo, na muuzaji wetu alikuwa kinyume kabisa cha huyo kijana.

Nitasimulia kama yalivyotokea. Hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi, maana mhusika yuko hai, amekaa hapo barazani anachambua maharage.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla biashara haijaachiwa huru. Babati bado iko mkoa wa Arusha. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo foleni. Unga wenyewe ni ule wa njano, na mkiupata mnashukuru Mungu.

Mume wangu, Baba Theresia, alikuwa fundi seremala. Alikuwa na vitu viwili alivyovipenda kupita kiasi: bunduki ya marisau yenye leseni yake, na four-wheel kuukuu aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba na kurudi kwao. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, haina kosa lolote. Gari lilikuwa limeshazeeka kabla halijafika kwetu.

Kazi ya vitu hivyo viwili ilikuwa kuwinda kanga na kwale. Kanga ndege, wakuu. Kanga nguo ilikuwa ngumu kuipata kuliko tembo.

Sitaki mumwone mtu wa anasa. Nguruwe pori wakiingia mahindi ya watu kule Bagara, aliitwa yeye. Nyama ya kanga iligawiwa mtaa mzima. Kulikuwa na majirani ambao mwaka ule hawakuonja nyama nyingine.

Lakini gari lilikuwa linatula. Petroli kwa kibali, spea hakuna, tairi moja limeshindiliwa nyasi kwa sababu mpira wa ndani haukupatikana popote. Petroli kidogo tuliyopata aliiweka kwenye dumu chini ya kitanda chetu isiibiwe. Niliwasha koroboi kila jioni huku nasali.

Na shamba letu tulikuwa tunalima kwa jembe la mkono. Mimi, yeye siku ambayo hana hamu ya kanga, na mimi tena. Msimu uliopita tulivuna kiasi cha kuaibisha, tukaingia foleni ya unga kama watu wasio na shamba. Nikamwambia Baba Theresia kwamba mvua zikinyesha tena hatuna maksai wa kulimia, mimi na mtoto tunarudi kwa baba yangu Mbulu tukale huko. Sikusema kwa hasira. Nilisema nikiwa napika, na nadhani ndicho kilichomtisha.

Akakubali gari liuzwe.

Sasa sikilizeni alivyouza.

Wa kwanza kuja alikuwa katekista mmoja aliyetaka chombo cha kubebea kwaya. Mume wangu akamkaribisha vizuri, akamfungulia boneti, akaanza. Gia ya tatu inachomoka, lazima uizuie kwa goti. Breki unazikanyaga mapema, ukiuona mti, siyo ukiufikia. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwa dereva kuliko yanavyobaki nje. Katekista akashukuru, akasema atasali juu ya jambo hilo. Nadhani bado anasali.

Akaja mkulima, naye akaambiwa yote hayo, tena akashikishwa usukani aone unavyocheza.

Akaja mwingine, huyu hakutazama hata injini. Alikuwa anatazama matairi, anapiga hesabu ya viatu vya katambuga.

Hakuna muuzaji mkweli kama yule asiyetaka kuuza, wakuu. Jioni moja nikamwambia, "Baba Theresia, akija mtu mwingine, kasoro za gari usizitaje. Akikuuliza jibu. Asipouliza, nyamaza." Akanitazama kama nimemwomba aibe sadaka. Mwisho akaahidi.

Mume wangu akiahidi huwa anatimiza. Shikeni hapo.

Akatokea mfanyabiashara kutoka Arusha, nimwite Bwana Elia. Mtu nadhifu, suruali nyeupe, viatu vyeupe, kwa vumbi la Babati. Alikuwa na uwezo wa kweli, na alitaka gari la kuingilia porini. Akasema anataka kulijaribu huko huko porini. Tukapanga Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Vijana hamjui, lakini enzi hizo Jumapili mchana, kuanzia saa nane, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea ili kuokoa mafuta. Ukikamatwa, gari linalala kituoni. Kwa hiyo ilibidi twende na kurudi mapema.

Mimi nikamwacha Theresia kwa jirani, nikapanda katikati yao. Sikuwa nakwenda kutalii. Nilikwenda kulinda ile ahadi.

Tukashika njia ya Singida, kisha tukaacha barabara kuingia mbugani upande wa Hanang. Mume wangu hakutaja kasoro hata moja. Goti limebana gia, mdomo umefungwa, jasho linamtoka. Lakini aliliendesha gari lile vizuri ajabu. Korongo lililomtisha Bwana Elia alilishuka kama mtu anayeshuka kitandani. Bwana Elia akaanza kutabasamu. Akasema, "Hili nalichukua." Moyoni nikawa nimeshanunua maksai, nimeshawapa na majina.

Ndipo kundi la kanga likakatiza mbele yetu.

Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti. Nilipouliza asubuhi ya nini, niliambiwa ni tahadhari.

Akasimamisha gari, akashuka, akapiga, akapata wawili. Bwana Elia akapiga makofi kama mtoto. Tukafuata kundi lingine, halafu lingine, tunazunguka vichaka huku na huku. Nikikohoa hakuna anayenisikia. Kisha Bwana Elia akaomba naye ajaribu. Mume wangu akamwelekeza vizuri namna ya kukaza kitako cha bunduki begani, lakini mwenzetu kwa furaha akasahau. Mlio ulipotoka kanga waliondoka salama wote, na Bwana Elia akaketi kwenye mbigili na ile suruali nyeupe.

Tulipomaliza kumtoa miiba, gari likakataa kuwaka.

Petroli ilikuwa imeisha.

Bwana Elia akasema mshale wa mafuta unaonyesha nusu tanki. Mume wangu akajibu kwa upole kwamba mshale huo unaonyesha nusu tangu enzi za mzungu.

"Sasa wewe huwa unajuaje?"

"Nina kijiti. Nachovya ndani ya tanki."

"Leo hukuchovya?"

Mume wangu akanigeukia, siyo kwa ubaya. "Ningechovya mbele yake angeuliza cha nini. Niliahidi kutotaja kasoro."

Wakuu, nilitamani kanga wanichukue niende nao.

Tukakaa kivulini, jua limeshavuka utosi. Baadaye wakatokea watu wawili na jozi ya maksai waliovaa nira. Walisikia milio ya bunduki wakaja kuona. Mmoja alikuwa Mzee Gidamis, Mbarbaig wa huko mbugani, mfugaji ambaye miaka hiyo alikuwa ameanza na kilimo. Mwingine ni mwanawe Mathayo, mtu mzima, aliyewahi kuwa dereva jeshini.

Tukamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akalizunguka gari polepole. Hakucheka, na hapo nikampenda. Akasema mafuta hayapatikani hapo, ila ng'ombe wapo. Wakafunga mnyororo, na maksai wale wakaling'oa gari kama gunia la pumba.

Tukaingia Babati hivyo, Jumapili alasiri, wakati watu wote wako nje wamevaa nguo za kanisani. Mume wangu ameshika usukani, mimi pembeni na kanga miguuni. Bwana Elia alishuka mapema, akatembea mbele yetu kwa hatua ndefu kama mtu asiyetujua.

Kwenye kizuizi askari wa barabarani akanyanyua mkono. Akalitazama gari, akawatazama maksai, akalitazama gari tena.

Akasema, "Saa nane imepita. Kwa nini gari linatembea?"

Mume wangu akamjibu kwa heshima, "Afande, halitembei. Linavutwa."

Askari akafikiri. Naona katika mafunzo yake jambo hilo halikufundishwa. Mzee Gidamis akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hawa wangu hawanywi petroli." Askari akageuza uso upande wa pili, mabega yanamtikisika, akatupungia mkono tupite.

Mtaa mzima ulitusindikiza mpaka Nakwa. Bwana Elia aliondoka na basi la kesho yake bila kuaga.

Jioni ile nilipika wale kanga kwa ajili ya wageni wetu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya mlima Kwaraa. Wengine waliyatazama kwa furaha, mimi nikaona jembe la mkono.

Baada ya kula, Mzee Gidamis akauliza kama gari linauzwa. Mume wangu akavuta pumzi. Nikajua sasa inakuja gia ya tatu, na kweli ikaja, na breki, na maji ya mvua, yote. Sikumzuia tena. Mathayo akacheka tu, akasema jeshini aliendesha mabovu kuliko hilo, tena yakipigwa risasi.

Mzee akauliza kwa nini tunauza. Mume wangu akainama. Nikajibu mimi.

"Baba, tunataka ng'ombe wa kulimia. Hatuna."

Mzee akageuka kuwatazama maksai wake pale nje. Kisha akatueleza habari ambayo sikuitarajia. Masika yaliyopita binti yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akakaa vibaya. Walimlaza kwenye kigari cha mbao, maksai hawa hawa wakamvuta kwenye tope kuelekea hospitali. Binti alipona. Mtoto hakufika.

"Ng'ombe ni wazuri," akasema, "lakini siku ile hawakuwahi."

Akasema anatoa jozi ile pamoja na plau na mnyororo wake, achukue gari. Petroli kidogo kidogo Mathayo ataitafuta, na itakuwa ya wagonjwa.

Nilimtazama mume wangu. Nilifikiri atatafuta kasoro ambayo alikuwa ameisahau. Aliinuka, akamwambia Mathayo, "Njoo nikuonyeshe," wakaenda kwenye gari mpaka kiza kikaingia. Niliwasikia kutoka jikoni. Ni maneno yale yale aliyowafukuzia watu, lakini sasa anamfundisha mwenzake: goti uliweke hivi, asubuhi ya baridi usilikimbize, kijiti chake hiki hapa. Aliongea kama mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa mwalimu wa bweni.

Walipopata mafuta wakaja kulichukua. Mume wangu siku hiyo alikuwa na kazi nyingi sana karakanani, akipiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza.

Msiniulize kuhusu kulima. Wale maksai walikuwa hawajui Kiswahili. Amri zao zote ni za Kibarbaig, na ilibidi fundi wangu aende mbugani kufundishwa, akarudi anawatamkia ng'ombe kwa lafudhi mbaya wanasimama kumtazama. Lakini tulilima. Tukapanda kwa wakati, tukavuna mahindi meupe ya kwetu wenyewe, na sikwenda Mbulu.

Kuwinda aliendelea, kwa miguu. Alirudi na kanga mmoja na hadithi ndefu.

Siku moja tuko shambani, yeye kwenye plau, mimi mbele naongoza ng'ombe. Tukasikia mlio barabarani. Mathayo anapita mbio na gari limejaa akina mama, mmoja amelazwa mapajani mwa wenzake, wanakwenda hospitali. Mume wangu akasimama kwenye mfereji wa plau, akavua kofia, akasikiliza mpaka mlio ukapotelea mjini.

Nikafikiri analia.

Akavaa kofia yake, akasema, "Gia ya tatu amechelewa," akawaamuru ng'ombe waendelee.

Nilichojifunza, wakuu: kama nyumbani kuna kitu cha kuuzwa, bei izungumzwe na yule asiyekipenda, lakini kukabidhi mwachieni anayekipenda. Sisi tulianza kwa kugeuza, ndiyo maana tukavutwa na ng'ombe.

Kwenu imewahi kuwaje? Nani ameuza kitu cha mwenzake, au ameuziwa chake? Tiririkeni hapa chini, nasoma yote. Ila mzee wangu msimseme sana. Nasikia naye amejiunga humu, na mpaka leo sijajua anatumia jina gani.