Vyuma vya Kushikia

Ukisikia fundi mwashi anaitwa Timazi, ujue ukuta wake haujawahi kupinda. Jina hilo alibaki nalo hata baada ya kisukari kumla mguu wa kulia na kumfungia ndani, ghorofa ya tatu, kushuka mpaka majirani wambebe msobemsobe.

Binti yake akahangaika, akampatia chumba cha kupanga, cha chini, mlango mpana, choo ndani. Mdogo wake Timazi aliposikia, mbio akaja. "Kaka, uende kwa watu na mimi ndugu yako najenga? Njoo unisimamie. Chumba cha chini ni chako, kitengeneze utakavyo."

Undugu ni kufaana, au siyo? Timazi akakiacha kile chumba alichotafutiwa na binti, kikachukuliwa na mwingine. Miezi saba majirani walimshusha kila asubuhi, akashinda juani kwenye kiti cha magurudumu, akiwafokea mafundi wenzake: toa kizingiti, panua mlango, lainisha huo mteremko! Chooni alijihamishia mwenyewe, akakaa, akanyoosha mkono wake mrefu na kuchora alama ukutani. "Chuma cha kushikia kije hapa. Hapa hapa, siyo karibu na hapa!"

Siku ya kuhama, funguo za kule ghorofani zikarudishwa kwa mwenye nyumba. Binti akamsukuma baba yake juu ya mteremko, kiti kikapita mlangoni bila kugusa popote. Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, na bibi mmoja mwenye mkongojo: mama mkwe wa mdogo wake.

"Karibuni, wanangu! Mkwe wangu kanijengea, mnaona?"

Mdogo mtu akamwinamia Timazi sikioni. "Kaka, wewe tumekupangia juu. Kuna hewa safi. Tutakuwa tunakubeba."

Hewa safi! Jamani, watu wengine hawana haya. Ngazi zile Timazi alizisimamia mwenyewe, kumi na nane. Na bibi wa watu, asiye na kosa lolote, alikuwa anawaonyesha choo.

"Ila vyuma hivi viko mbali kidogo. Nikikaa sivifikii."

"Fundi alikosea vipimo, mama," mdogo mtu akasema, macho kwenye simu. "Tutavisogeza."

Timazi akajisukuma mpaka ndani, akajihamishia chooni, akanyoosha mkono. Ukatua juu ya chuma, sawasawa.

"Fundi hakukosea, mama," akasema. "Alijipimia mwenyewe."